Sauti Yangu Juu ya Gitaa la Baba Yako

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu tafuta mahali ukae, maana barua hii ni ndefu na kalamu yangu unaijua, inatembea kwa magongo. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo sasa linalia ngazini. Baba yako mzima, ingawa hajui kama nakuandikia. Bibi yako mzima, meno ya bandia ameyakataa tena, anasema yanamfinya, kwa hiyo yako kwenye glasi dirishani yanatuangalia tukila. Mdogo wako kinyozi mzima, ameweka kiti cha pili na kioo kipya. Mama yako Mdogo mzima, bado hasemi na yule mama wa ghorofa ya juu kwa sababu ya kamba ya nguo. Jirani yetu fundi viatu mzima, anauliza zile raba zimedumu? Hata paka mzima, amezaa watatu ndani ya kapu la nguo zangu za kupiga pasi.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Baba yako siku hizi kila simu inayoingia anaiweka spika, na jambo hili si la spika.

Tarehe 30 mwezi huu, Jumamosi, saa tisa alasiri, baba yako anaagwa kazini. Miaka thelathini na nne kwenye kiwanda cha barafu, zile mashine zinamjua kuliko mimi. Vijana wa karakana wanampenda ila wanamtania, wanamwita Mzee Gesi. Sasa mwezi uliopita rafiki yake Radi, yule unayemjua kama mwalimu wa hesabu aliyekuwa akikuletea penseli, alipita pale kumsalimu akaropoka. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la kwanza wa bendi yetu, Nyaya Tupu! Mimi nikiwa kwenye ngoma. Tulipiga roki mpaka watu wakasahau viatu ukumbini." Vijana wakavunjika mbavu. Mmoja, mchomeleaji, akasema, "Mzee Gesi na gitaa? Labda gitaa la barafu!"

Baba yako hajawahi kujibu utani wa mtu. Siku hiyo alijibu. Alisema, "Kanda ninayo. Tarehe thelathini mtaisikia."

Mwanangu, kanda hana.

Wewe mambo haya huyajui, kwa sababu baba yako aliacha gitaa mwaka uliozaliwa, na tangu hapo hakutaka litajwe. Aliweka kanda moja kwenye droo ya vifaa vyake, akasema, "Nitaisikiliza siku nitakapoacha kumwonea wivu huyo kijana." Huyo kijana ni yeye mwenyewe. Nyaya Tupu hawakurekodiwa mahali pengine popote. Hiyo ndiyo pekee.

Kisha wewe ukaenda shule ya bweni. Wiki ya tatu ikaja barua yako ina madoa, na madoa yale niliyajua. Mimi na darasa langu la nne ningekuandikia nini cha kukutuliza? Nikasema nimrekodie mwanangu sauti yangu, asikie nyumbani. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na mama wa mwenzako aliyekuwa anakuja huko anaondoka saa nane. Nikafungua droo. Upande wa pili wa ile kanda ulikuwa mtupu, nami nilitaka huo. Kwa haraka nikaiweka kinyume. Nilisema mpaka kanda ikakatika yenyewe, nusu saa nzima. Nilipoitoa ndipo nikaona ile alama ya baba yako, amekwaruza kwa msumari, upande niliousemea.

Ningefanya nini? Kilichofutika kimefutika, na wewe unalia. Nikakutumia. Kwenye kasha lake nikatia kanda nyingine tupu, nikafunga droo. Miaka ishirini na moja napangusa vumbi juu ya droo ile.

Ninachoomba ni hiki. Kama bado unayo, isikilize mwishoni. Huenda kuna kipande sikukifikia, hata dakika moja ya baba yako. Daktari wa masikio amesema la kushoto limekwisha na la kulia limebaki robo, nalo linashuka kila mwezi. Akisikia, asikie sasa. Na wale vijana wajue.

Jibu upesi. Barua mpe dereva wa gari la vifurushi aiache kwa fundi viatu, si nyumbani.

Mimi mama yako


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote, na mwambie fundi viatu raba zimetembea kuliko mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni studio, mpaka bosi akauliza kama nimepigwa na umeme.

Mama, hukufuta.

Kanda ninayo. Nimehama vyumba sita na haijawahi kubaki nyuma. Na siku zote, nyuma ya sauti yako, kuna muziki. Nilidhani jirani alikuwa amefungulia redio! Unasema "Bibi yako mzima," na chini yake gitaa linapanda kama lori linalobadili gia mlimani. Unaeleza bomba la choo limeziba, ngoma zinaingia. Bweni zima lilikuwa likiniomba, "Weka mama yako, weka mama yako." Samahani, mama, si kwa ajili ya salamu. Tulikuwa tunazichezea roki. Wasichana ishirini na wanne, mito mikononi badala ya magitaa, na wewe unauliza kama nakula vizuri.

Halafu kuna dakika ya kumi na saba. Unasema, "Ngoja mwanangu, mlango unagongwa." Unaondoka, na hurudi kwa dakika nne. Labda ulidhani umeniachia ukimya. Ni gitaa peke yake, mama. Dakika nne, halimuogopi mtu. Shuleni kulikuwa na gitaa moja lenye nyuzi tatu, nikajifunza kwa hizo tatu, sauti kwa sauti, narudisha kanda kwa kalamu ili betri zisiishe. Sikuwa na mwalimu mwingine. Nilipoanza kazi hii ya ufundi wa sauti, kila mtangazaji, kila muuza kanda, kila mzee wa bendi nilimpigia kipande kile nikamuuliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyejua. Miaka ishirini na moja namtafuta mtu huyu, kumbe anatengeneza mitambo ya barafu na ananiuliza kwenye simu kama nimevaa sweta.

Unataka kujua imekuwaje? Unakumbuka mdogo wangu alivyoilisha ile redio kaseti biskuti? Ndani ya mashine kuna sehemu inayofuta na sehemu inayorekodi. Nadhani biskuti iliganda pale pa kufutia, kanda ikawa inapita juu juu. Kwa hiyo sauti yako imekaa juu, na ya zamani imebaki chini yake. Mmelala humo wote wawili.

Nieleze alikuwaje. Tafadhali. Upesi.

Mwanao


Jumatano, tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza. Wote wazima.

Barua yako niliisomea kwa fundi viatu. Nililia mpaka akanipa kigoda na kitambaa, kumbe kitambaa cha rangi ya viatu. Nimefika nyumbani uso mweusi, baba yako akaniuliza nimepigana na nani.

Unauliza alikuwaje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napiga pasi pale pale kwa dobi nilipo hadi leo. Wakaja vijana watano na mashati meusi matano, jasho limekaukia mgongoni limekuwa chumvi nyeupe, ukiliweka shati mezani linasimama. Moja lilikuwa limeungua mkono. Nikamuuliza mwenyewe, umeungulia wapi? Akasema, "Kwenye spika." Nikamwambia pasi yangu haijawahi kuunguza nguo ya mtu, hizo spika zenu nani anazipiga? Akacheka. Huyo ndiye baba yako. Kila Ijumaa akawa analeta shati moja, hata likiwa safi.

Siku ya ile kanda walipiga kwenye ukumbi wa sinema. Redio kaseti waliiazima, na vitufe vya kurekodia vilikuwa viwili na vinateleza, lazima mtu avishikilie pamoja. Wote walitaka kucheza. Nikasema nitashika mimi. Nilikaa juu ya kreti mbele kabisa, mashine magotini, vidole viwili chini, nusu saa. Wenzangu wanaruka mimi nimetulia kama niliyebeba mayai. Sauti ilikuwa inaniingia kwenye mifupa. Mwishoni umeme ukakatika. Ukumbi ukawa kimya, tunasikia tu nyuzi zinavyolia kama nzi, maana baba yako hakuacha kupiga. Basi watu wakaanza kuimba wao lile gitaa kwa midomo, ukumbi mzima, na Radi akapiga ngoma nyuma yao mpaka wimbo ukaisha. Hiyo haimo kwenye kanda, redio ilizimika na umeme. Imo kwangu. Hadi leo nikishika pasi, mguu wangu unapiga ule mdundo, na wenzangu kazini wanadhani ni ugonjwa.

Kwa hiyo mwanangu sikujisifu bure nikikwambia baba yako alikuwa mtu. Na mimi nilikuwapo, nimeshika vitufe.

Sasa nitoe. Wewe ni fundi, mashine unazo, nitoe mimi humo abaki yeye. Nakumbuka nilisema habari za choo. Nakumbuka nilisema Radi alikuja akala sahani tatu akaomba ya kubeba, na Radi atakuwa amekaa pale na mkewe! Nitoe kabisa, hata nisikohoe.

Jibu upesi, siku zinakimbia.

Mama yako


Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mama,

Shikamoo, na nisalimie wote, mpaka wale paka watatu.

Nimejaribu siku nne. Haiwezekani. Sauti yako na gitaa lake vimeshikana, nikikupunguza wewe na yeye anapungua. Nikikutoa kabisa, linabaki gitaa la mtu aliyezama kwenye pipa.

Nimekutumia kidude cha kuchomeka kwenye mashine, kina vipande viwili. Namba moja ni zile dakika nne ulipokwenda mlangoni, nimeziosha zikang'aa, huonekani popote. Namba mbili ni nusu saa nzima, muziki nimeupandisha juu kadiri ulivyokubali kupanda, na wewe umo.

Ikipigwa namba moja, vijana watajua Mzee Gesi ni nani, na baba hatajua kilichotokea. Ila mama, nikwambie ukweli. Na mimi itabidi ninyamaze maisha. Sitaweza kumwambia kuwa yeye ndiye aliyenifundisha gitaa, maana ataniuliza, "Ulinisikia wapi?"

Sikulazimishi. Siri ni yako, umeilea wewe. Mimi mwenyewe sitaweza kuja, wiki hiyo tunarekodi bendi ya watu tisa na haiahirishwi.

Niandikie umeamua nini.

Mwanao


Jumapili, tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Namba moja. Nisamehe.

Nimemwambia baba yako nilikutumia kanda uihamishe kwenye kidude, isije ikakatika ukumbini. Akaniuliza, "Ameisikiliza?" Nikamwambia hapana, una kazi nyingi, umehamisha tu. Akasema, "Sawa," akaenda kufunga maji ya bafuni ambayo yalikuwa yamefungwa.

Amelitoa shati jeusi sandukuni. Nimelipiga pasi. Halifungi tumboni, anasema atavaa koti juu. Kila siku jioni analijaribu. Mwanangu, mtu wa namna hiyo unaanzaje kumwambia?

Barua zangu zichane.

Mama


Jumapili, tarehe 31 Machi

Mwanangu wee,

Salamu za wote zipo chini, leo mkono haungoji.

Bwalo la kiwanda lilijaa. Meza zimewekwa vitambaa, meneja ametoa hotuba, baba yako amepewa saa ya ukutani. Koti alilivua kabla hata hotuba haijaisha, tumbo nje, kifungo kimoja kimeshikilia kwa roho. Mdogo wako kinyozi alikuwa kwenye mashine. Yule mchomeleaji mtani amekaa mbele na soda yake, ameshajiandaa kucheka. "Haya Mzee Gesi, tugandishe!"

Likaanza.

Yule kijana alikuwa na soda mdomoni, nakwambia hakuimeza. Niliiangalia imekaa kwenye mashavu yake mpaka mwisho. Baba yako alikwenda akasimama kando ya spika, sikio la kulia limeelekea pale, kiganja kimewekwa juu ya spika kama anampima mtoto homa. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea kwenye suruali. Vilikuwa vinajua pa kwenda! Kuna mama wa jikoni aliyekuja kukusanya sahani, aliweka zote chini.

Ilipoisha tu, mwanangu, meza zilipigwa! "Mzee Gesi! Mzee Gesi!" Mchomeleaji akaja akamshika baba yako mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee, nisamehe, nilikuwa mjinga." Baba yako akasema, "Ulikuwa hujasikia, basi."

Ningekuwa na akili ningeondoka hapo nimeridhika. Lakini Radi akasimama. "Hicho ni kipande tu! Nusu saa ile! Pigeni kutoka mwanzo, mimi naingia mwanzo!" Mdogo wako akaniangalia, halafu akasema kwa sauti ya kinyozi, unaijua, haina siri, "Humu mbona kuna namba mbili?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Imeharibika. Ningelisema tu na yangekwisha. Lakini baba yako akageuka akawaambia wale vijana, "Ningependa binti yangu angekuwapo. Yeye ndiye fundi wa sauti. Ila mimi hajawahi kunisikia."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia.

Nikasema, "Amekusikia."

Akasema, "Nini?" Nikamfuata mpaka kwenye sikio la kulia, nikapaza sauti, bwalo zima likasikia maana kwake hakuna kunong'ona tena. "Amekusikia tangu ana miaka kumi na mitatu! Kanda yako niliichukua mimi, nikamrekodia salamu juu yake, nikadhani nimekufuta. Hukufutika. Alikusikiliza chini ya sauti yangu, na gitaa alijifunzia kwako, akawa anakutafuta kwa watu hajui ni wewe!" Nikawageukia wale watu, shingo nimeinyoosha. "Siku ile ya ukumbi wa sinema mimi ndiye niliyerekodi. Na ile siku nyingine pia ni mimi. Mwanangu kinyozi, piga namba mbili."

Wakasikia yote. Nikiuliza kama unakula. Goti langu, lilikuwa linauma hata wakati ule. Bomba la choo, na ngoma juu yake. Watu walicheka mpaka wakalia, lakini vichwa vyao vilikuwa vinakwenda na mdundo. Nilipofika kwa Radi na sahani tatu, nikataka kuingia chini ya benchi. Radi akasimama akapiga kelele, "Zilikuwa nne!" na mkewe akampiga mgongoni na mkoba.

Baba yako hakucheka. Alisimama pale pale, kiganja kwenye spika, nusu saa. Maneno yangu hayapati tena, anapata ule mngurumo tu. Aliniuliza mara moja, "Hapo unasema nini?" Nikamjibu sikioni, "Nasema baba yake hajambo, yuko kazini, mikono imempasuka kwa baridi na hajasema kitu." Akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi kwa miguu. Tulifika kona ya duka la dawa. Nikajua leo yamenifika shingoni. Ndipo akauliza, "Mlango ulipogongwa, alikuwa nani?"

Nikasema, "Fundi viatu, alileta kandambili za mama yako."

Akasema, "Mungu ambariki yule bwana. Anajua kukawia." Akanishika mkono, akauweka kwapani kwake, tukaenda hivyo mpaka mlangoni, watu wa mtaa wakituangalia kama vijana.

Leo asubuhi kabla ya chai amekuja kunisimamia mezani. Anasema dakika ya tatu ya kile kipande, pale gitaa linaposhuka kwa haraka, siku ile alikosea kidole. Alipita tu kwa ushujaa, hakuna aliyegundua, hata Radi. Akaniuliza, "Yeye anapapigaje pale?" Nikamwambia mimi najua wapi? Akasema, "Kama kajifunzia kwangu, basi anapiga kosa langu. Miaka yote hiyo mtoto anapiga kosa langu kwa usahihi." Akacheka peke yake, halafu akalishika sikio la kulia akalivuta kidogo, kama mtu anayejaribu kitasa.

Anataka akuonyeshe inavyotakiwa. Anasema gitaa ulete wewe, na spika kubwa kuliko zote ulizonazo, majirani ameshawaomba radhi. Bibi yako anakusalimu, kinyozi anakusalimu, Mama yako Mdogo anakusalimu, mchomeleaji hata humjui naye anakusalimu. Baba yako ameniambia niandike hivi hivi alivyosema: robo ya sikio bado ipo, isikuchukue mwezi.

Andika upesi unakuja siku gani, tukupokee stendi.

Mimi mama yako